Shomoro mweupe: mtazame macho kwanza

Ndugu, umeuliza kama shomoro mweupe uliyemwona kundini ni albino, na kama umkamate ili mwewe wasimle.

Mtazame macho. Albino hatengenezi kabisa melanini, yaani rangi nyeusi au ya kahawia ya mwili, hata machoni, ndiyo maana macho yake huonekana ya waridi au mekundu: ni damu ya mishipa ya ndani. Akiwa na macho meusi, si albino hata akiwa mweupe pepepe. Hali hiyo mara nyingi huitwa lusizimu, nayo huonekana zaidi kuliko ualbino. Wenye mabaka meupe nao si "nusu albino". Na usishangae ukikuta ndege albino mwenye manyoya ya njano, kwani rangi hiyo huweza kutokana na karotenoidi, yaani rangi za njano hadi nyekundu zinazotoka kwenye chakula.

Kumkamata, hapana, nakusihi. Albino haoni vizuri, na manyoya yasiyo na melanini huchakaa upesi. Tayari ana shida za kutosha, tundu litamwongezea hofu tu. Kama una paka, mfungie ndani. Mpige picha kwa mbali, bila taa ya kamera, maana mwanga wake huweza kulifanya jicho jeusi lionekane jekundu.