Makro inachoka kwa safari, si kwa hesabu

Fundi, salamu. Mimi ni mtunza stoo. Kila mwisho wa mwezi ninapokea faili la Excel lenye mistari 40,000 ya bidhaa zilizoingia na kutoka. Nilirekodi makro (orodha ya amri ambazo Excel huzifuata yenyewe), kisha nikaiongezea lupu, yaani amri za kurudia, nilizojifunza mwenyewe. Inapita mstari kwa mstari, inatafuta bei kwenye laha ya pili, inazidisha, inaandika jumla, mwishoni inafuta mistari yenye idadi sifuri. Inakula dakika 11. Skrini inapepesa kama taa mbovu, na nikigusa tu kipanya, juu panatokea "Not Responding". Nimeongezewa RAM, sikuona tofauti. Mwenzangu ananiambia dawa ni kompyuta mpya. Nimekuambatanishia makro yenyewe. Nifanyeje?
Mtunza stoo

Dada, hela ya kompyuta mpya iache palepale ilipo. Makro yako nimeisoma mara mbili. Ina mistari 61, na neno Select, yaani amri ya kwenda kuchagua seli au laha, limo mara 23. Hapo hukukosea wewe. Kinasa makro huandika kila ulichofanya kwa mkono: ulikwenda laha ya Bei, kinaandika, ulibofya seli A2, kinaandika, ulirudi, kinaandika. Hakijui kwamba ulichotaka ni namba iliyomo ndani ya ile seli, na kwamba kule kwenda na kurudi ilikuwa njia tu. Unaweza kuomba namba bila kwenda:

x = Sheets("Bei").Range("A2").Value2

Laha inabaki ilipo na skrini haipepesi. Zile Select 23 zote zinaweza kutoka, na makro haitapoteza kitu.

Lakini kabla hujaanza kufyeka, pima. Mimi nilipoteza mwaka mzima nikirekebisha sehemu za makro zilizokuwa na kasi tayari, kwa sababu ndizo nilizozielewa. Weka anza = Timer mwanzoni, na baada ya kila hatua weka Debug.Print Timer - anza. Bonyeza Ctrl+G ndani ya dirisha la msimbo, utaona sekunde zinavyojipanga. (Timer huhesabu sekunde tangu saa sita usiku. Ukifanya kazi mpaka siku ikapinduka, utapata jibu hasi. Usishtuke kama nilivyoshtuka mimi.)

Nilipoipima ya kwako, kuzidisha hakukuchukua hata sekunde moja. Muda karibu wote umeliwa na mambo mawili, kutafuta bei na kufuta mistari. Tuanze na bei, maana humo ndimo kuna somo lenyewe.

Laha yako ya Bei ina mistari 1,800. Kwa kila bidhaa, lupu ya ndani inaanza juu na kuteremka mpaka iipate. Kwa wastani inasoma seli 900 ndipo inakutana na bei. Zidisha kwa 40,000: makro yako inasoma seli mara milioni 36. Na kila usomaji ni safari. VBA, lugha ambayo makro imeandikwa kwayo, na laha ni majirani, hawalali chumba kimoja. Kila unapoandika Cells(i, 1).Value, VBA inatoka, inabisha hodi, inapewa kitu kimoja, inarudi. Safari moja haina uzito wowote. Milioni 36 ni sawa na kujaza pipa kwa kijiko, na RAM haifupishi njia.

Dawa ni kuchota yote kwa mara moja. Ukiandika data = Sheets("Stoo").Range("A2:H40001").Value2, mistari yote 40,000 inaingia kwenye kumbukumbu kama erei, yaani jedwali lisilo na laha, kwa safari moja. Ukimaliza kazi, unairudisha kwa safari moja nyingine. Bei nazo ziingize kwenye kamusi, ambapo ukitaja msimbo wa bidhaa unapewa bei yake papo hapo, bila kupita kwa wengine 899:

Set bei = CreateObject("Scripting.Dictionary")
p = Sheets("Bei").Range("A2:B1801").Value2
For i = 1 To UBound(p, 1)
    bei(Trim(CStr(p(i, 1)))) = p(i, 2)
Next i

data = Sheets("Stoo").Range("A2:H40001").Value2
ReDim safi(1 To UBound(data, 1), 1 To 8)
For i = 1 To UBound(data, 1)
    If data(i, 5) <> 0 Then
        k = k + 1
        For j = 1 To 8
            safi(k, j) = data(i, j)
        Next j
        m = Trim(CStr(data(i, 1)))
        If bei.Exists(m) Then safi(k, 8) = data(i, 5) * bei(m)
    End If
Next i
Sheets("Stoo").Range("A2:H40001").Value2 = safi

Tazama ile sehemu ya k. Hapo ndipo kufuta mistari kulipoishia. Makro yako ilikuwa inafuta mmoja mmoja, na kila Excel inapofuta mstari, yote iliyo chini yake lazima isogee juu. Hapa hatufuti chochote. Mistari yenye idadi tunaihamishia kwenye erei ya pili, safi, na nafasi zilizobaki mwishoni mwake ni tupu. Ukiirudisha kwenye laha, zile nafasi tupu zinafunika mabaki ya zamani. Umepata pia faida ambayo hukuiomba: makro yako ya zamani ilikuwa inafuta kuanzia juu kwenda chini, kwa hiyo sifuri mbili zikifuatana, ya pili ilikuwa inarukwa na kubaki. Kagua ripoti zako za nyuma.

Kwenye kompyuta yangu, ambayo si mpya, kazi nzima sasa ni sekunde 3 na ushei.

Kuna mitego, na nimeikanyaga yote kwa zamu. Msimbo wa bidhaa ulioandikwa 0045 kama maandishi na ule ulioandikwa 45 kama namba ni vitu viwili kwa kamusi. CStr inageuza vyote kuwa maandishi, lakini sifuri za mbele hairudishi, kwa hiyo hakikisha laha zote mbili zimeandika misimbo kwa namna moja. Na ukirudisha "0045" kwenye seli ya kawaida, Excel itakufanyia wema usioutaka: itaigeuza kuwa 45. Ipe safu hiyo muundo wa maandishi kwanza, kwa NumberFormat = "@". Kamusi hii pia inatofautisha herufi kubwa na ndogo usipoiambia vinginevyo. Tena usiulize bei ya msimbo usiokuwepo bila kutumia Exists, kwani badala ya kulalamika, kamusi inauongeza huo msimbo kimyakimya ukiwa hauna bei. Na kama kuna fomula popote kati ya A na H, zitageuka kuwa namba tupu. Rangi za mistari nazo hazitahama pamoja na data. Fanya kwanza kwenye nakala ya faili. Na ujue kwamba kamusi hii ni ya Windows, kwenye Mac haipo.

Kuhusu Value2: tofauti yake na Value ni kwamba haihangaiki kugeuza seli za tarehe na za fedha, inakupa namba yenyewe. Ni nyepesi kidogo. Muhimu zaidi ni kwamba seli yenye muundo wa fedha ukiisoma kwa Value, inabaki na desimali nne tu.

Utashangaa sijataja zile swichi tatu ambazo kila mtu huzitaja kwanza: Application.ScreenUpdating, Application.Calculation na Application.EnableEvents. Zinasaidia, hasa kama makro inaandika seli nyingi moja moja kwenye faili lililojaa fomula, kwa sababu bila kuzizima Excel huchora skrini upya na kupiga hesabu upya kila inapoguswa. Lakini safari zikishabaki tatu, zinakuwa na kazi ndogo. Ninawaona watu wanazibandika juu ya makro mbovu kama plasta.

Na ile ya Calculation ina meno. Miaka ya nyuma niliwahi kuizima mwanzoni mwa makro, nikapanga kuiwasha mwishoni. Katikati makro ikakwama kwenye seli yenye #N/A (alama ya Excel ya kukosa thamani), nikabofya End, nikaendelea na mambo yangu. ScreenUpdating hujirudia yenyewe makro ikisimama. Calculation hairudi, EnableEvents hairudi. Na si faili moja linaloathirika: mafaili yote yaliyo wazi yanaacha kupiga hesabu. Nilikaa nayo siku mbili. Bosi wangu akabadilisha kiwango kimoja, akachapisha ripoti, akaingia nayo kikaoni ikiwa na jumla ya zamani. Chini kushoto mwa dirisha neno "Calculate" lilikuwa limeandikwa muda wote ule. Hakuna aliyelisoma, mimi nikiwa wa kwanza.

Tangu siku hiyo naanza hivi:

zamani = Application.Calculation
On Error GoTo Mwisho
Application.Calculation = xlCalculationManual

na mwishoni, chini ya neno Mwisho: na nukta zake mbili, narudisha Application.Calculation = zamani. Makro ikimaliza salama inapita hapo, ikikwama pia inapita hapo. Mstari unaofuata uwe If Err.Number <> 0 Then MsgBox Err.Description, la sivyo kosa litapita kimya na utadhani kazi imekwisha.

Fundi, makro yangu ilikwenda vizuri mwaka mzima. Wiki hii inasimama na kuandika "Overflow". Sijabadilisha hata herufi.
Msomaji wa zamani

Herufi hukubadilisha, ila data imekua. Nadhani mahali fulani umeandika Dim i As Integer, yaani umeiambia VBA kwamba i ni namba nzima ndogo. Integer ya VBA inaishia 32,767, na faili lako sasa limepita hapo. Badala ya Integer andika Long, inayobeba namba kubwa zaidi. Usihofu kwamba ni nzito zaidi. Hata kabla ya Excel 2007, laha zilipokuwa na mistari 65,536, Integer haikufika chini. Sasa mistari ni 1,048,576.

Nilishauriwa niweke DoEvents ndani ya lupu ili Excel isigande. Kweli haigandi, ila imekuwa kobe. Niiondoe?
Mwanafunzi wa uhasibu

Usiiondoe, ipunguze. DoEvents inaisimamisha makro ili Windows ishughulikie mibofyo na mengineyo. Ukiiita kila mzunguko, makro inafanya zaidi kazi ya kusubiri kuliko kazi yake. Iweke hivi:

If i Mod 1000 = 0 Then
    Application.StatusBar = "Mstari " & i
    DoEvents
End If

Jihadhari na jambo moja. Wakati wa DoEvents kitufe cha kuanzisha makro kinabofyeka, na mtu asiye na subira atakibofya tena, makro ianze upya ndani ya makro. Kizime kitufe mwanzoni, kiwashe mwishoni. Na ukimaliza andika Application.StatusBar = False, la sivyo "Mstari 39000" itaendelea kusomeka pale chini hata ukiwa umeshafungua faili jingine.