Jibu: picha za kale za vito na hazina ya Troya

Ndugu, umeuliza kwa nini dhahabu huonekana nyeusi katika picha za kwanza za mambo ya kale, na kama picha hizo bado zina faida. Weusi huo unatokana na kemikali: bamba za kioo za kupigia picha, zilizopakwa kolodioni (utomvu wa kemikali uliobeba chumvi za fedha zinazoitikia mwanga), ziliitikia mwanga wa buluu, lakini kwa shida sana ule wa njano na mwekundu.

Kuhusu faida, chukua hazina ya Troya, ambayo mchimbaji wa mambo ya kale Mjerumani, Heinrich Schliemann, aliichimbua Hisarlik (mahali panapodhaniwa kuwa ndipo ulipokuwa mji wa kale wa Troya, katika Uturuki ya leo) mwaka 1873 na kuitorosha kutoka Dola ya Uthmaniya. Mwaka 1874 alitoa atlasi ya picha za vitu alivyovipata, na mkewe Sophia akapigwa picha akiwa amevaa taji na vito vingine, picha ambayo, kwa maoni yangu, ilivitendea vitu vya kale isivyostahili, ingawa ndiyo iliyoenea kuliko zote. Uthmaniya ilimshtaki, akalipa fidia, kisha mwaka 1881 akaikabidhi hazina hiyo kwa Ujerumani, ikawekwa Berlin.

Mwaka 1945 jeshi la Kisovyeti liliichukua, nayo haikuonyeshwa hadharani mpaka Jumba la Makumbusho la Pushkin, Moscow, lilipofanya hivyo mwaka 1996. Kwa miaka yote hiyo, watafiti wa nje walitegemea zaidi picha, michoro na orodha za zamani. Kwa hiyo unapozitazama, usihukumu rangi. Chunguza umbo, idadi ya vipande na namna vikufu vilivyounganishwa.