Pampu ya mafuta ya gari la zamani: nenda dukani ukiwa umeshika ile ya kwako

Juzi usiku kaka mmoja wa Moshi, anayekaa Majengo, aliniandikia ujumbe. Ana Land Rover 109 aliyoachiwa na baba yake, injini ya petroli ya lita 2.25 kama yangu. Inazima njiani, anasubiri, inawaka, inazima tena. Fundi kamwambia pampu ya mafuta imekufa, atafute nyingine. "Kaka, ninunue ya kampuni gani?"

Niliusoma ujumbe ule mara tatu, na kila mara nilimwona mama yangu amekaa juu ya jiwe pale njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kanga kichwani, jua la saa nane likimchoma. Ndiyo maana naandika leo, na nitaandika kwa urefu.

Ilikuwa Desemba 23, 2023. Sisi ni watu wa Marangu, na Desemba Mchaga anajua anapotakiwa kuwa. Land Rover yangu ni Series IIA ya mwaka 1968. Baba aliinunua mnadani mwaka 1984, akabebea ndizi na mbao mpaka akatusomesha wote wanne. Alipofariki, ndugu zangu walitaka iuzwe kwa kilo. Nilikataa. Nililala chini ya gari hilo miezi minane, mshahara wangu nusu unaishia kwenye spea, na safari ile ya Krismasi ndiyo ilikuwa ya kuwaonyesha watu nyumbani kwamba gari la baba limerudi.

Tuliondoka Arusha saa tano asubuhi. Mbele mimi na mama, nyuma mke wangu, watoto wawili na shemeji yangu. Tengeru, Usa River, hakuna shida. Maji ya Chai likaanza kukohoa. Tulipofika Kikatiti, lilikuwa linavuta mguu mmoja linaacha mmoja, na njia panda ya KIA likazima kabisa.

Akaja fundi na bodaboda kutoka Boma Ng'ombe. Akafungua boneti, akashika kile kiwenzo kidogo cha kupampu kwa mkono kilichoko chini ya pampu, akakipandisha mara mbili. Kilikuwa kimelegea, hakina upinzani wowote. "Pampu imekufa, bosi." Nikampa hela, akaenda Moshi mjini, akarudi baada ya saa mbili na pampu mpya ya shilingi 45,000. Boksi lilikuwa na picha ya gari kama langu, na mimi nilitazama lile boksi tu. Pampu yenyewe sikuishika. Kitako hakikukaa sawa kwenye bloku, akaongeza gasketi ya pili, akapaka silikoni kama anapaka siagi kwenye mkate, akakaza. Gari likawaka.

Likawaka na mlio: tak, tak, tak. Nikamuuliza, akasema ni upya, utaisha.

Shemeji ndiye aliyevunja ukimya, tukiwa tunapita Kwa Sadala. Alisema mbele ya watoto wangu, "Shemeji, si ungeuza tu hiki chuma tukapanda basi?" Mwanangu mkubwa akanitazama usoni. Sikujibu. Mpaka leo shemeji ananisalimia vizuri na mimi namsalimia vizuri, lakini neno lile bado liko kifuani.

Tulipoanza kupanda kutoka Himo, petroli ilinuka ndani ya gari mpaka mtoto mdogo akatapika. Tulifika usiku. Sikukuu ilipita, tukarudi Arusha na moshi mweusi nyuma, tanki linakwisha kabla ya wakati, na kuzima lilizima tena mara mbili kama kawaida. Yaani nimenunua pampu, na ugonjwa wa kwanza uko palepale, na juu yake nimeongeza wa pili.

Januari nikaenda kwa mzee mmoja pale mtaa wa Unga Ltd, Arusha, ambaye amezeekea kwenye injini hizi. Hakugusa pampu kwanza. Alichomoa stiki ya oili, akainusa, akanipa na mimi ninuse. Petroli. Oili ilikuwa imepanda juu ya alama karibu upana wa kidole, na gari la miaka ile haliongezi oili lenyewe. "Unaendesha petroli kwenye sampu, mwanangu. Siku si nyingi ungekuja kwangu na beringi zilizokufa." Sampu ni lile bakuli la oili chini ya injini. Kisha akafunga geji yake kwenye bomba linaloenda kwenye kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa. Ikasoma msukumo wa psi 6. Injini yetu hii inataka kati ya 1.5 na 2.5.

Hapo ndipo alinielewesha kitu ambacho nilikuwa nimeendesha miaka bila kukijua. Pampu hii ya kimitambo inaendeshwa na kamshafti, ile shafti yenye vinundu inayozunguka ndani ya injini. Kamshafti inausukuma mkono wa pampu, mkono unavuta ule mpira wa ndani, diaframu, petroli inaingia kupitia valvu ya kwanza. Mkono ukiachia, springi ndiyo inayorudisha diaframu na kuisukuma petroli kupitia valvu ya pili mpaka kwenye kabureta. Kwa hiyo nguvu ya pampu inatoka kwenye springi. Ukinunua pampu yenye springi ya injini nyingine, sindano ya kwenye kabureta inashindwa kuzuia, petroli inafurika, inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka chini kwenye sampu. Pampu inaweza kufunga vizuri kwenye bolti mbili na bado ikaiua injini yako taratibu.

Alipoifungua ile mpya akanionyesha mkono wake. Sehemu inayogusa kamshafti ilikuwa imeng'aa upande mmoja tu, ukingoni, kama kisu kilichonolewa vibaya. Safari ya Marangu na kurudi tu, chuma kilikuwa kimeanza kulika. Mkono ulikuwa mfupi kidogo na umepinda tofauti, na gasketi mbili zikauweka mbali zaidi. Ule mlio wa tak tak ulikuwa ni huo.

Kisha akauliza swali ambalo limenifanya niandike makala hii. "Ya zamani iko wapi?"

Namshukuru Mungu sikuiacha kwa yule fundi. Ilikuwa nyumbani kwenye kopo la Blue Band. Nikapanda daladala nikaifuata. Mzee akaziba tundu la kuingizia kwa dole gumba, akapampu kwa kile kiwenzo, pampu ikamng'ang'ania kidole. Nzima. Pale KIA kiwenzo kilikuwa kimelegea kwa sababu injini ilizima kamshafti ikiwa imeusukuma mkono mpaka mwisho, kwa hiyo hakukuwa na nafasi ya kupampu. Ungezungusha injini mzunguko mmoja tu, kingepata upinzani. Pampu yangu ilihukumiwa kifo kwa kosa hilo.

Na ugonjwa wenyewe? Kipande cha mpira, urefu wa shubiri moja, kati ya bomba la tanki na pampu. Kilikuwa na ufa chini ya kilipu. Upande ule pampu inavuta, haisukumi, kwa hiyo ufa ulikuwa unaingiza hewa na mimi sikuona hata tone la petroli likidondoka. Mpira wa shilingi elfu chache, na mama yangu alikaa juani kwa saa tatu nzima.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujauliza kampuni, hakikisha kwanza ni pampu kweli. Badilisha vipande vyote vya mpira upande wa kuvuta. Gari likizima, fungua kifuniko cha tanki: ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba. Chomoa bomba kwenye kabureta, liingize kwenye chupa mbali na joto, chomoa waya wa koili usipate cheche, mtu apige stata. Petroli inatakiwa ije kwa midundo yenye nguvu. Ikija, iache pampu yako ikae.

Kama imekufa kweli, ichomoe, uioshe, uende nayo dukani. Picha kwenye simu haitoshi. Ziweke mbili juu ya kaunta, ubavu kwa ubavu. Tazama mkono: urefu, mpindo, upana wa ile sehemu inayogusa. Tazama umbali wa matundu ya bolti, na unene wa gasketi, maana gasketi nene inapunguza mwendo wa mkono na nyembamba inaubana. Tazama bomba la kuingia na la kutoka yanaelekea wapi na nyuzi zake. Muulize muuzaji ni ya injini gani. Akijibu "hizi zinaingia zote", rudisha pampu yako kwenye mfuko utoke. Nimesema utoke, hata kama umetoka mbali.

Na usidanganyike na "orijino ya zamani". Kuna watu wanauza pampu zilizokaa kwenye boksi tangu enzi za wazee wetu kwa bei ya dhahabu. Chuma ni kizuri, lakini mpira wa ndani umekauka bila kufanya kazi siku moja. Mimi nachagua pampu iliyofungwa kwa skrubu kuzunguka ukingo, kwa sababu siku ya siku naifungua, naweka diaframu na valvu mpya, naendelea. Zile zilizobanwa ukingo wa bati zikifa ni za kutupa. Na ukipata yenye kikombe cha kioo kama yangu, ichukue. Asubuhi naangalia kioo kile kabla sijagusa ufunguo. Nikiona vitone vya maji vimekaa chini kama shanga, na vumbi jekundu la kutu ya tanki limevizunguka, najua leo nasafisha kwanza.

Wengine watakwambia weka ya umeme tuachane na mambo ya kizee. Ya gari la injekta inasukuma makumi ya psi, kabureta yako haiwezi. Zipo za msukumo mdogo, lakini ukipinduka, ya umeme isiyo na swichi ya usalama inaendelea kumwaga petroli, wakati ya kimitambo inasimama injini ikisimama. Mimi nina familia. Nabaki na ya kamshafti.

Ile ya baba tuliiwekea mpira mpya, valvu mpya na gasketi moja. Mzee aliupaka mkono oili kabla ya kuurudisha, akakaza nati zamu kwa zamu, bila silikoni hata chembe. Baadaye nikanunua moja ya akiba kutoka Nairobi kwa 160,000, nikailinganisha na ya zamani mezani kwa robo saa nzima kabla ya kulipa. Iko chini ya kiti, imefungwa kitambaa. Sijaihitaji.

Oktoba 2024, Land Rover zilipojaa Arusha kwa tamasha lile kubwa, nilikuwa kwenye msafara. Mwendo wa kinyonga, jua kali, injini inachemka, hali ambayo pampu mbovu haivumilii hata nusu saa. Gari la baba halikukohoa. Mwanangu mkubwa alikuwa amekaa mbele pembeni yangu, mkono nje ya dirisha.

Vijana mliorithi magari ya wazazi, nawaomba msikubali haraka ya fundi anayetaka kuwahi kazi nyingine. Msione aibu kuinama na kuuliza kwa nini. Hela ya kununua kitu mara mbili hatuna, na gari likishauzwa kwa kilo halirudi. Shika kitu chako mkononi, kitazame, kilinganishe.

Kaka wa Majengo, wewe nitumie leo picha ya mkono wa pampu yako ukiwa umelala juu ya gazeti, na rula pembeni, pamoja na gasketi yake. Lakini anza na ule mpira ulio chini ya kilipu, uukunje utazame ufa. Na kama pampu uliiacha gereji, ifuate kesho asubuhi kabla wanunuzi wa vyuma chakavu hawajapita.