Muulize Shangazi wa Jikoni: Tui langu jepesi, nikanunue mbuzi?

*Shikamoo Shangazi. Mi ni mzaliwa wa Iringa nimeolewa na kijana wa Pangani, tunaishi Arusha huu mwaka wa pili. Wali wa nazi ndo unanishinda. Navunja nazi, nabandua nyama kwa kisu vipande vipande, natia kwenye blenda na maji ya bomba nasaga afu nachuja kwa chujio la chai. Tui linatoka jepesi, rangi kama kijivu, na kwenye wali kunakuwa na vitu kama mchanga. Mama mkwe anakuja mwezi wa saba kukaa wiki mbili. Mume wangu anasema ninunue mbuzi ya kukunia nazi, lakini blenda nimeinunua kwa hela nyingi, kweli tena nikakae chini kwenye kibao?* — Mke wa Mpangani, Arusha

Marahaba mwanangu. Ndio, nunua mbuzi, na sikwambii hivyo ili kumfurahisha mama mkwe, nakwambia kwa sababu hayo matatizo yako matatu yote yanatokana na kifaa na maji, wewe mwenyewe huna kosa.

Anza na rangi. Nyama ya nazi imeshikana na ngozi ya kahawia upande wa kifuu, ukiibandua kwa kisu ile ngozi inatoka nayo, blenda haichagui inasaga vyote, ndo hicho kijivu unachokiona. Mbuzi yenyewe ni kibao cha kukalia na mbele kuna chuma chenye meno, unashika kifuu kwa mikono miwili unakizungusha taratibu juu ya meno, nazi inadondoka kwenye sinia nyeupe laini kama unga, na ukianza kuona kahawia unaacha hapo hapo unahamia sehemu nyingine. Mkono unajua pa kukomea. Anza pembeni kwenye mdomo wa kifuu ukielekea katikati, usianzie katikati utachoka bure.

Kuhusu mchanga, hiyo ni chicha, yale makapi ya nazi yanayobaki ukishakamua tui. Blenda inaisaga chicha mpaka inakuwa ndogo kiasi cha kupita kwenye chujio la chai, wakati nazi ya kukuna inabaki nyuzi nyuzi, ukiikamua chicha yote inabaki nyuma. Pwani tunakamulia kwenye kifumbu, kile kimfuko cha kusuka, huko Arusha ukikikosa chukua kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa vizuri bila harufu ya sabuni, tia nazi, songoa kwa nguvu. Chujio la chai liache lichuje chai.

Sasa wepesi wa tui, na hapa ndo watu wengi wa sehemu za baridi wanapokwama bila kujua. Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, we mwenyewe si unaona chupa ya mafuta ya nazi ya kupaka asubuhi ya mwezi wa sita inakuwa nyeupe imeganda? Basi na ndani ya nazi ni hivyo hivyo. Ukitia maji ya bomba ya Arusha yale mafuta hayalegei, yanabaki kwenye chicha unaenda kumwaga utamu wote. Tumia maji ya vuguvugu, yale unayoweza kutia mkono ukakaa. Kwa nazi moja tia kama kikombe kimoja, fikicha kwa vidole dakika mbili tatu, kamua, hilo ni tui zito liweke pembeni. Rudia na vikombe viwili, hilo tui jepesi. Mchele uanze kuiva kwenye tui jepesi na chumvi, maji yakikaribia kukauka ndo unamwaga tui zito, unageuza mara moja, unafunika na kupalia moto juu. Na kwenye mchuzi pia tui zito linaingia mwisho unakoroga bila kuacha, ukiliacha lichemke kwa nguvu linakatika, mafuta juu maji chini.

Blenda usiitupe, itakufaa kwa nyanya, pilipili na juisi. Na siku huna muda wa kukaa kwenye mbuzi menya ile ngozi ya kahawia kwanza, saga na maji ya vuguvugu kwa muda mfupi, kamulia kwenye kitambaa, tui litakuwa la kuridhisha kabisa ingawa mi bado nalitambua nikilionja. Masoko mengine kuna vijana wenye mashine ya kukuna, hiyo nayo nzuri kwa shughuli yenye nazi kumi au ishirini.

Ukienda kununua kikalie kile kibao palepale dukani. Kisiyumbe, na chuma kisicheze pale kilipopigiliwa. Meno yawe yamesimama sawasawa. Nyumbani kifunike meno kwa kifuu kitupu au kitundike juu, mtoto akiangukia pale ni jeraha baya sana.

*Shangazi habari. Mi kijana nimepanga chumba Dodoma. Kitasa cha mlango kimelegea nikajaribu kukaza skrubu na kisu cha jikoni, ncha ya kisu ikakatika na skrubu mbili zimeliwa kichwa hazishiki tena. Nifanyeje?* — Mpangaji

Pole mwanangu, na nashukuru hiyo ncha haikurukia jichoni. Kisu kinapikwa kiwe kigumu ili kishike makali, na chuma kikishakuwa kigumu hivyo kinakuwa chepesi kukatika ukikipinda, bisibisi yenyewe imetengenezwa ivumilie kusokotwa. Kwahiyo nenda hardware kanunue bisibisi ya nyota namba 2, imeandikwa PH2 kwenye chuma chake, hiyo ndo inaingia kwenye skrubu nyingi za vitasa na bawaba. Ikiwa nyembamba kuliko tundu la skrubu inacheza mle ndani, na ikicheza inakula kichwa.

Kwa zile zilizoliwa weka kipande cha rababendi pana juu ya kichwa, sukuma bisibisi kwa uzito wa mwili kwanza ndo uzungushe polepole, mara nyingi inashika. Kama kichwa kimetokeza kidogo kibane na koleo. Zikitoka usizirudishe, nunua mpya urefu ule ule. Na kisu kisicho na ncha bado kitakata vitunguu vizuri tu, mradi ukinoe kwenye jiwe la kunolea lenye pande mbili, unaanza na upande mkwaruzo unamalizia na laini. Usinoe kwenye ngazi ya saruji, nakuomba sana, makali yanabaki na mapengo.

*Shikamoo Shangazi, mi nikipika samaki wa ukwaju sufuria inabadilika rangi ndani na mchuzi unakuwa na ladha ya chuma. Sufuria ni mpya.* — Mama wa watoto watatu, Lindi

Marahaba. Hiyo sufuria ya alumini mama, na alumini haipatani na ukwaju, ndimu wala nyanya nyingi, ule uchachu unaila taratibu na kinachoyeyuka kinaingia kwenye mchuzi. Itumie kwa ugali na kuchemshia maji. Samaki wa ukwaju mhamishie kwenye chungu, au sufuria ya stenlesi kama unayo, ila mi kwa samaki nachagua chungu kwa sababu kinapata moto polepole na samaki hasambaratiki, tena ukikiepua kinaendelea kuchemka chenyewe kwa muda.

Chungu kipya kiloweke kwenye maji usiku kucha kabla ya kukibandika, siku ya kwanza chemshia uji mwembamba ili vitundu vizibe, moto uanze mdogo. Mwiko uwe wa mbao. Na ukikiepua usikitue kwenye sakafu ya saruji kingali cha moto kitapasuka, kitue juu ya kata, ile pete ya kutulia chungu, au kitambaa kikavu kilichokunjwa.