Nani kafika katikati ya dunia?

SWALI: Maalim, shikamoo. Mimi ni fundi wa visima hapa Shela, Lamu. Nikichimba mchangani mita chache tu napata maji. Juzi mwanangu kaja na kitabu cha shule, kinasema katikati ya dunia mna chuma, tena chenye joto kama la uso wa jua. Nani kafika huko akaona? Na sayari nyingine nazo zina chuma?
Msomaji, Shela

JIBU: Marahaba, fundi. Hakuna aliyefika. Shimo lililokwenda chini kuliko yote, la Kola huko Urusi, lilifikia mita 12,262 mwaka 1989. Mpaka katikati ni kilomita 6,371. Hata ganda la juu hawakulitoboa.

Lakini marehemu baba yangu alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, na hakuwa akipasua ubao ili ajue kama umeoza ndani. Aliugonga, akasikiliza. Dunia nayo hugongwa na matetemeko. Mtikisiko hupita ndani kwa ndani ukapokewa na vipimo upande wa pili. Ziko aina mbili za mawimbi hayo: moja husukuma na kuvuta, nyingine huyumbisha kwa ubavu, na hii ya pili haipiti kwenye kitu cha majimaji. Ikifika kina cha kilomita 2,900 hivi, inakatika. Ndipo ikajulikana kwamba huko chini mna kiini kilichoyeyuka.

Kisha mwaka 1936 Inge Lehmann, mama wa Denmark, akachunguza michoro ya tetemeko la New Zealand la mwaka 1929. Akaona mawimbi dhaifu mahali ambapo hayakupaswa kufika, akatambua kwamba ndani ya kile kiini mna kiini kingine. Baadaye ikathibitika kuwa ni kigumu: joto ni kali kweli, ila mgandamizo haukiachi kiyeyuke. Namstahi sana mama huyu. Wengi waliiona michoro ya namna ile wakaipita.

Kwa nini iwe chuma? Kwa sababu ya uzito. Cavendish, mwanasayansi Mwingereza, aliupima London, akauchapisha mwaka 1798: dunia yote kwa wastani ni nzito kama mara 5.5 ya maji, na mawe tunayoyakanyaga hayazidi mara 3 hivi. Wewe mtu wa Lamu ukiona jahazi tupu limezama kuliko inavyostahili, utajua mna farumi, yaani uzito wa kulituliza chombo, chini ngamani. Farumi ya dunia ni chuma na nikeli kidogo, vilivyozama zamani dunia ilipokuwa imeyeyuka. Kati ya kiini na ganda ni mwamba. Watu hudhani ni bahari ya moto, sivyo: ni mwamba mgumu, unaosogea polepole mno.

Sayari ya Zebaki ni karibu yote farumi, maana kiini chake kinafika kama asilimia 85 ya nusu kipenyo chake. Mirihi imesikilizwa kama dunia: chombo cha anga InSight kilitua huko Novemba 2018 kikaweka kipima-tetemeko juu ya ardhi, na kiini cha chuma kilichoyeyuka kikajulikana. Mshtarii ni habari nyingine kabisa. Haina ardhi ya kukanyaga, ni gesi za haidrojeni na heli, na kule ndani haidrojeni imegandamizwa hata inapitisha umeme kama madini. Chombo cha anga Juno, kilichoanza kuizunguka mwaka 2016, kimeonyesha kwamba kiini chake hakina mpaka dhahiri, kimechanganyika na kilichokizunguka kama sukari inayoyeyuka chaini. Zohali kwa wastani ni nyepesi kuliko maji.

Na kisima chako, fundi, kinafuata sheria hiyo hiyo. Maji matamu ya vilima vya mchanga vya Shela ni mepesi, yameelea juu ya maji ya bahari yaliyo chini yake. Ukiyapata, usiendelee kuchimba, utaivuta chumvi juu.