Dang'a halisubiri kondo la nyuma

SWALI: Shikamoo Bwana Mifugo. Mtamba wangu wa Friesian alizaa saa nane usiku. Jirani akaniambia nisimkamue wala nisimwachie ndama anyonye mpaka kondo la nyuma litoke. Lilitoka saa tano asubuhi, ndipo ndama akanyonya. Siku ya nne akaanza kuhara, ya sita akafa. Alikuwa jike. Nilikosea wapi?
Mama mfugaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Ndama jike kwa mwenye ng'ombe mmoja ni zizi la kesho.

Kuhara kuna sababu nyingi, na mimi sikuwepo. Lakini zile saa tisa za kusubiri ndizo zinazoniuma. Ndama huzaliwa bila kinga ya kutosha. Anaipata kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, na utumbo wake huipitisha kwenye damu kwa muda mfupi tu. Uwezo huo hupungua kila saa, na zikitimia saa 24 umekwisha. Huku nyuma ndama analamba ukuta, analamba samadi, na vijidudu vinamtangulia.

Kukamua hakuzuii kondo. Tena ndama akinyonya, mfuko wa uzazi hujikaza na kulisukuma. Likipita saa 24 halijatoka, mwite daktari wa mifugo. Usilivute, usilifungie jiwe.

Safari ijayo osha chuchu, kamua, upime. Ndama wa kilo 35 apate lita 3 hadi 4 ndani ya saa 6, na nusu yake ndani ya saa 2 za mwanzo. Kumwona kasimama chini ya mama yake hakutoshi. Usiku mmoja wa mvua nilikaa na ndama mlegevu. Nilimtia kidole kinywani, kinywa kikawa cha baridi, ulimi haushiki. Tukamsugua kwa gunia kavu mpaka mikono ikatuuma. Ulimi ulipokizunguka kidole na kuvuta, ndipo nikampa chupa. Asiyevuta usimmiminie, maziwa yataingia mapafuni. Mwite daktari amnyweshe kwa mpira wa kupitisha maziwa hadi tumboni.

Kitovu kichovye kwenye tincha ya ayodini mara tu anapozaliwa, na alale pakavu.

Ng'ombe wako akishika mimba tena, mkaushe, yaani acha kumkamua, siku 60 kabla ya kuzaa ili dang'a iwe nzito. Na jirani yako, kama naye ana ng'ombe mwenye mimba, msomee jibu hili leo.