Kwa anayeanza kusoma umbo la ulimwengu katika aya za Qurani

Mhadhara wangu wa kwanza juu ya jambo hili niliuandaa kwa wiki tatu, ukavunjwa na swali moja. Nilikuwa nimeisoma aya ya 104 ya Suratul Anbiyaa, inayoitaja siku ambayo mbingu itakunjwa kama yanavyokunjwa makaratasi ya maandishi, na nilikuwa nimesoma pia kwamba vipimo vya chombo cha anga cha Planck, ambavyo matokeo yake ya mwisho yalitolewa mwaka 2018, vinaonyesha kuwa ulimwengu ni bapa. Nikayaunganisha mawili hayo kwa furaha: hakikunjwi ila kilicho bapa, basi Qurani ilikwisha kusema. Mzee mmoja aliyeketi nyuma, mwalimu mstaafu wa hisabati, akainua mkono akauliza, "Maalim, ubapa huo wanaupimaje?" Sikuwa na la kujibu.

Kwa hiyo wewe unayeanza leo, usiifungue tafsiri kabla hujaliuliza neno la wanasayansi lina maana gani kwao. Chukua karatasi, chora pembetatu, upime pembe zake. Jumla ni nyuzi 180. Sasa ikunje karatasi hiyo kama bomba. Hakuna mstari uliorefuka wala uliofupika, na pembe zote zimebaki vilevile, ndiyo maana kwa mwanajiometri karatasi iliyokunjwa namna hiyo bado ni bapa. Kisha shika mpira. Anza kwenye ncha ya juu, shuka hadi katikati, geuka pembe mraba, zunguka robo ya mpira, halafu geuka tena urudi juu: umepata pembetatu yenye pembe tatu za nyuzi 90, jumla 270. Kwenye umbo linalofanana na tandiko la farasi, jumla hupungua chini ya 180. Ubapa wanaousema ni huo, hesabu ya pembe katika nafasi yenye urefu, upana na kina, wala si ubapa wa jamvi. Hoja yangu ilikufa hapohapo, kwa kuwa kitu kikikunjwa au kisikunjwe, ubapa wake wa kijiometri haubadiliki.

Kipimo chenyewe ni kizuri kukifahamu. Mwanga mkongwe kuliko wote tunaoweza kuupokea, uliogunduliwa na Penzias na Wilson na kutangazwa mwaka 1965, una madoa ya joto na baridi ambayo ukubwa wake wa kawaida mbinguni ni kiasi cha nyuzi 1. Nafasi ingekuwa imepinda kama uso wa mpira, madoa hayo yangeonekana makubwa zaidi. Ingepinda kama tandiko, yangeonekana madogo. Yanaonekana kwa ukubwa ule hasa unaotarajiwa ikiwa haikupinda, kwa usahihi mkubwa, lakini hilo peke yake halisemi kama ulimwengu una mwisho au hauna. Mwanafunzi anayesikia "bapa" akadhani ameambiwa habari za ukingo, amejiongezea mwenyewe.

Ukishalielewa neno la upande huo, rudi kwenye aya kwa adabu ileile. Aliyesoma balagha, elimu ya ufasaha wa lugha ya Kiarabu, atakuonyesha kwamba katika aya ya kukunjwa, kinachofananishwa ni kitendo na kitendo: kukunja huku na kukunja kule, kwa wepesi na kwa ukamilifu, na wala hapakusudiwi kueleza maumbile ya kilichokunjwa. Tena neno lenyewe la Kiarabu lililofasiriwa hapo kuwa makaratasi, sijilli, lina khitilafu. Tabari, mfasiri wa kale wa Qurani, alichagua kuwa ni karatasi ya maandishi, lakini alinukuu pia kauli za waliosema ni malaika, na za waliosema ni mwandishi. Ukiifuata mojawapo ya kauli hizo mbili, sijilli ni yule anayekunja, na mfano wa mbingu kuwa karatasi unapungua nguvu. Mimi naiona kauli ya Tabari kuwa ndiyo yenye nguvu. Hata hivyo, aliyeificha khitilafu ili hoja yake ipendeze amewapunja wasikilizaji wake.

Aya itakayokushughulisha zaidi ni ya 47 ya Suratudh Dhaariyaat, kwa sababu ya neno musiuun. Utaambiwa kwamba maana yake ni "tunaipanua", na kwamba huko ndiko kupanuka kwa ulimwengu alikokueleza mwanafizikia Lemaître mwaka 1927 na mwanaastronomia Hubble akakupima mwaka 1929. Fungua kwanza Suratul Baqara aya ya 236, panapozungumzwa kiliwazo cha mwanamke aliyeachwa: humo musii ni mtu mwenye wasaa, mwenye uwezo wa mali. Ndiyo maana wafasiri wengi wa zamani walisema "Sisi ni wenye uwezo", ingawa mfasiri Ibn Kathir alieleza kuwa pande za mbingu zimepanuliwa. Lugha inazibeba maana zote mbili. Ukizitaja zote na kusema ni ipi unayoiegemea, umefundisha. Ukitaja moja kana kwamba nyingine haikuwahi kuwapo, mwanafunzi wako ataikuta siku moja peke yake na atakudhania mabaya.

Juu ya umviringo sitarefusha. Mwanazuoni Ibn Hazm, katika karne ya 11, aliutolea hoja umviringo wa dunia kwa neno yukawwiru la Suratuz Zumar aya ya 5, neno la kuviringisha kilemba, na mwanazuoni Ibn Taymiyya alinukuu kauli za wanazuoni kwamba wamekubaliana mbingu ni za mviringo. Kinachonipa hofu zaidi ni kisa cha wale walioifanya Kursi ya Mwenyezi Mungu kuwa falaki ya nane, yaani tabaka la mviringo la mbingu, na Arshi yake kuwa ya tisa, ili zilingane na hesabu ya Ptolemaio, mtaalamu wa nyota wa kale, iliyotawala elimu ya nyota zama zao. Ibn Kathir alitaja kwamba wengine waliwapinga. Falaki zile hazimo tena katika kitabu chochote cha fizikia.

Mhadhara ule niliurudia baada ya mwaka mmoja, nikiwa na karatasi, mpira na kipimapembe mezani. Yule mzee safari hii alikaa mbele, akanishikia mpira nilipokuwa nikichora.